Maji ya Balungi

"Fungula kinywa," Hélène alimwambia.

Bakiri alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kukamulia, nusu ya balungi mkononi, na kwa muda hakuelewa kwamba anayeambiwa ni yeye. Sakafuni, katikati ya viatu vyao, lita tano za maji ya balungi zilikuwa zinatambaa kuelekea kwenye mtaro wa jikoni, zimebeba kokwa na vipande vya nyama ya tunda vya rangi ya waridi. Jagi lilikuwa limemponyoka. Hakuliona likimponyoka. Alichoona ni mkono wake uliobaki mtupu, umejikunja kana kwamba bado umeshika kitu.

"Nasema fungula."

Akafungua. Hélène, mpishi mkuu, mama wa Lubumbashi mwenye mabega mapana na sauti ya chini, alimshika kidevu kwa vidole vinavyonuka kitunguu saumu, akasogeza pua yake hadi karibu na meno ya Bakiri, akavuta hewa. Wapishi wawili na mwosha vyombo waliacha kazi wakatazama. Bakiri aliona vinyweleo vilivyo juu ya mdomo wa mama yule na tone la jasho lililokaa kati yake. Alitamani kufumba macho, lakini aliogopa kwamba akiyafumba hatayafumbua tena.

"Uchungu wa balungi tu," Hélène alisema, akijifuta vidole kwenye aproni, polepole, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyeshika konokono. "Lakini mutu wa pombe anajuaka kuficha. Wewe si Muislamu, Bakiri? Haya yako iko wapi?"

"Sijanywa, Mama Hélène."

Ulimi ulikuwa mzito. Maneno yalitoka yamelowa, yameshikana, na mwosha vyombo akacheka kwa pua.

"Piga deki," Hélène alisema. "Na siku ingine ukikuja hivi, ni kwa meneja."

Ilikuwa Julai, mwaka 2018. Kantini ile ilikuwa chini ya jengo la vioo huko Midrand, nje ya Johannesburg, na juu yake walifanya kazi watu mia nne wa kampuni moja ya bima. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba wafanyakazi wao wamenenepa kupita kiasi. Basi kwa wiki sita, kila asubuhi, kila mmoja alipewa glasi mbili za maji ya balungi kabla ya kutia kitu kingine tumboni. Kazi ya kukata na kukamua aliachiwa Bakiri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni jikoni, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Haikuwa kazi ya kutamaniwa. Kufikia saa nne asubuhi mikono ya koti lake ilikuwa imelowa hadi viwikoni, kisha ikakauka na kuwa migumu kama kadibodi. Kokwa zilimwingia viatuni. Maganda yalijaa mapipa matatu nyuma ya jikoni, na kwa kuwa gari la taka lilipita mara mbili tu kwa wiki, yale ya chini yalioza yakawa uji wa kijivu wenye mapovu. Hata katika baridi ile, vijidudu vidogo vilielea juu yake kama moshi. Aliyesukuma mapipa hayo hadi nje alikuwa Bakiri, na ute ukimchuruzikia kwenye suruali.

Tena ilikuwa lazima aonje. "Boksi moja tamu, boksi moja nyongo," Hélène alimwagiza siku ya kwanza. "Onja kila jagi. Ikiwa kali sana, changanya na ya boksi ingine. Sitaki watu wa juu walalamike." Majagi thelathini kwa siku, kijiko kwa kila jagi, mara nyingine nusu glasi. Saa tisa alasiri yaliyobaki yalitakiwa kumwagwa, naye alijaza chupa ya lita mbili akaenda nayo nyumbani, Bertrams.

Wenzake walidhani ni uchu. Haukuwa uchu. Ladha ile ilimkunja uso na kumkwaruza koo kama ilivyomfanya mtu yeyote. Lakini ndicho alichokitaka, kwa sababu uchungu ule ulikuwa kitu pekee kilichoweza kumwondolea harufu ya kuku.

Mwaka uliotangulia alikuwa akiuza katika spaza ya mtu wa kwao, duka dogo la mtaani huko Turffontein. Siku moja mchana lilikuja kundi la watu wenye marungu na mapanga, wakisema wageni watoke. Mwenye duka alitoka mbio kwa mlango wa nyuma. Bakiri hakuwahi. Alifungua friza kubwa iliyokuwa pembeni, akaingia, akajifunika. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na vichwa vya kuku, miguu na firigisi vilikuwa vimeyeyuka vikawa supu baridi iliyomfika kifuani. Mpira wa mfuniko ulikuwa umechanika, hivyo hewa iliingia kidogo. Alilala humo akisikia rafu zikivunjwa. Kisha mfuniko ukainuliwa. Kijana mmoja akachungulia, harufu ikampiga, akafunika pua kwa fulana yake, akatema mate ndani, akauachia mfuniko ukaanguka. Humo gizani hakuona mtu. Mate yalitua kwenye nywele za Bakiri, nyuma ya sikio.

Alikaa humo hadi jua lilipozama. Hakumsimulia mtu. Kwa Tabia, mkewe, alisema tu kwamba duka limeporwa na yeye alikimbia.

Baada ya hapo moyo wake haukutulia. Mlango ukibamizwa, moyo ulikwenda mbio. Watu watatu wakicheka barabarani, ulikwenda mbio. Mwezi wa tano alikwenda kwa daktari aliyeelekezwa kwake na mtu kazini. Daktari alimuuliza maswali mengi, akampa vidonge vidogo vyeupe vya wasiwasi, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Bakiri alimweleza habari za moyo. Za harufu alinyamaza. Angeanzaje? Angesema nini, kwamba kila anapomeza mate anaonja maji ya kuku waliooza?

Vidonge alivificha ndani ya bitana ya koti lake la baridi. Huko kwao Tanga, mtaani kwa kina Tabia, alikuwepo mtu aliyekunywa dawa za kutuliza kichwa, na watoto walimwimbia kila alipopita. Tabia mwenyewe alikuwa akiisimulia habari hiyo na kucheka. Basi Bakiri alimeza vidonge vyake chooni, mlango umefungwa, na baada ya wiki tatu moyo ukatulia kweli. Alianza kulala. Harufu ilibaki.

Ndipo yakaja mabalungi. Glasi ya kwanza aliyoionja ilipita kooni kama brashi ya chuma, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile mdomo wake ukawa hauna kitu. Alisimama pale jikoni akimeza mate, akiyasikiliza. Hakuna kuku. Tangu hapo alikunywa kutwa, na asubuhi alimezea kidonge chake kwa maji yaleyale.

Wiki ya pili ilianza na kizunguzungu, ikafuata miguu kuwa ya pamba. Alikuwa akisinzia amesimama. Aliita vitu kwa majina yasiyo yake. Aliamini kwamba ule ugonjwa umetoka moyoni umehamia kwenye ubongo, na kwamba sasa unamwozesha kutoka ndani.

*

Jumamosi alikwenda kusali alasiri katika msikiti mdogo wa mtaani kwao, nyumba ya kawaida iliyotolewa kuta za ndani na kutandikwa zulia la kijani. Katika rakaa ya pili alisujudu, paji la uso likagusa zulia, na zulia lilikuwa na joto la pumzi yake, na hapo hapo akalala.

Safu zilinyanyuka, zikakaa, zikatoa salamu. Bakiri alibaki ameinama, mdomo wazi, mate yakimtoka. Aliyemwamsha alimgusa mbavuni kwa kidole cha mguu. Alipoinua kichwa, uzi wa mate ulivutika kutoka mdomoni mwake hadi kwenye zulia, na watu wote waliuona. Mzee Khatibu, Mzanzibari mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa kila mara akimsalimia kwa kumshika mikono miwili, aliukusanya upindo wa kanzu yake akauvuta upande wake. Mtu mmoja alikuja na ndoo na kitambaa, akaanza kusugua pale palipolowa kabla Bakiri hajasimama vizuri.

Alitoka akipepesuka. Viatu vyake vilikuwa vimesukumwa mbali na vingine.

Habari ilimfikia Tabia kabla yake. Tabia alishona nyumbani, sare za shule na mapazia, na wateja wake walikuwa na midomo. Hakumuuliza mumewe lolote. Alichofanya ni kukiosha kikombe chake peke yake, kwa maji ya moto, na kukipindua mbali na vyombo vingine. Usiku alitandika godoro chini. Bakiri alimwona akiinua shati lake kutoka kwenye kapu la nguo, akalinusa kwapani na kifuani, akalirudisha kwa ncha za vidole.

Jumapili alikuja Luqman, kaka yake Tabia, aliyekuwa akiuza simu mjini. Alikaa kitandani, akapiga magoti yake kwa viganja.

"Shemeji, sikuja kukugombeza."

"Karibu."

"Nimekuja kukuuliza. Ni pombe, au ni yale madawa wanayovuta vijana wa barabarani?"

"Si pombe. Wala si madawa."

"Basi ni nini?"

Koti lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, hatua mbili tu kutoka alipokaa Luqman. Bakiri alilitazama. Alimtazama Tabia, aliyekuwa ameinamia cherehani bila kushona.

"Ni uchovu," alisema. "Kazi imezidi."

Luqman alinyoosha mkono akaichukua chupa ya lita mbili iliyokuwa dirishani. Ilikuwa imekaa hapo siku tatu. Alipofungua kizibo, chupa ilifoka, povu la waridi likapanda hadi shingoni na kumwagikia mkono wake. Alinusa, akageuza uso haraka.

"Hii ndiyo kazi iliyozidi?"

"Ni maji ya balungi."

"Shemeji, mimi si mtoto. Mke wako si mtoto. Kinachochacha tunakijua."

Tabia aliinuka. Aliichukua chupa ile kwa kitambaa, mkono umenyooshwa mbele kama aliyeshika panya kwa mkia, akaiweka nje ya mlango. Kisha akaosha mikono yake kwa sabuni, mara mbili, na Bakiri alisikia maji yakitiririka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Jumanne asubuhi mwosha vyombo hakuja, na Bakiri akaambiwa apeleke trei ya glasi mbele kwa wateja. Foleni ilikuwa ndefu. Watu walikuwa wamevaa kadi zao shingoni, wananukia manukato. Alipofika kaunta, sakafu iliinuka taratibu upande mmoja. Aliishika kaunta. Mwanamke mmoja alimuuliza kwa Kiingereza kama yuko salama, naye alifungua mdomo amjibu, akatapika.

Yaliingia kwenye trei, ndani ya glasi safi: maji ya waridi, nyuzi za nyama ya balungi, kipande cha mkate ambacho hakijasagika. Glasi moja ilijaa hadi ukingoni kana kwamba imepimwa. Foleni ilirudi nyuma kwa pamoja. Mtu mmoja alisema neno ambalo Bakiri hakulijua, lakini uso aliusoma. Mwingine aliinua simu akapiga picha.

Hélène alizitupa glasi zote kumi na mbili kwenye pipa. Hakutaka hata kuziosha.

Meneja alizungumza naye nyuma, karibu na mapipa, kitambaa puani. "Leta karatasi ya daktari inayosema una nini. Nakupa hadi Ijumaa. Ukikosa, usirudi."

Bakiri alirudi nyumbani, akamweleza Tabia kwa maneno machache. Hakuficha kutapika. Alikuwa amechoka kuficha, na shati lake lilikuwa limeshasema. Tabia alimsikiliza hadi mwisho, sindano kati ya midomo.

"Kesho tunakwenda Fordsburg," alisema alipoitoa. "Kwenye lile duka la dawa lenye dada anayejua Kiswahili. Atapima kilichomo kwenye chupa. Kama ni pombe, mimi nitarudi kwetu. Kama si pombe, nitajua."

Bakiri alilitazama koti lake. Duka lile ndilo alilonunulia vidonge.

Kesho yake Tabia alitangulia njiani, hatua mbili mbele, chupa ikiwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Kila waliposimama kwenye robot, taa za barabarani, kungoja magari yapite, alisimama kando, na mfuko aliuweka chini mbali na miguu yake.

Mfamasia aliitwa Yasmin. Alizaliwa Dar es Salaam, akaletwa Johannesburg na wazazi wake akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Kariakoo. Tabia aliifungua mifuko mmoja mmoja, akaitua chupa kwenye kaunta.

"Dada, naomba unipimie hii. Uniambie wazi. Mimi nimeshazoea kuambiwa mambo."

Yasmin alifungua, akanusa. Hakugeuza uso. Akamimina tone kwenye kidole, akalamba. Tabia alijikunja kana kwamba aliyelamba ni yeye.

"Ni balungi," Yasmin alisema. "Limeanza kuchacha kwa kukaa nje ya friji. Lakini ni balungi." Kisha macho yake yalimwangukia Bakiri, aliyesimama nyuma karibu na rafu ya sabuni, na kitu kikabadilika usoni mwake. "Kaka Bakiri. Unayekunywa hii ni wewe?"

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Kutwa nzima. Kazini naonja, nyumbani nakunywa."

Yasmin alifunga chupa. Alizungumza polepole. "Naomba nizungumze na wewe pembeni, peke yetu."

"Anakujulia wapi jina?" Tabia aliuliza.

Hakumuuliza Yasmin. Alimuuliza mumewe, na katika sauti yake palikuwa na uchovu ambao Bakiri hakuwahi kuusikia, uchovu wa mtu anayengoja kitu kingine kichafu kitolewe nje. Bakiri alivua koti. Aliingiza vidole kwenye bitana, akatoa pakiti ya vidonge iliyokunjamana, akaiweka kwenye kaunta kando ya chupa.

"Ni vyangu," alisema. "Vya wasiwasi. Miezi miwili na zaidi. Dada, sema hapahapa. Asikie."

Yasmin alivuta pumzi. Alichukua pakiti kwa mkono mmoja na chupa kwa mkono mwingine.

"Tumboni na kwenye ini kuna kitu kinachoivunja dawa hii, ili ikufikie kidogo tu, kile kiasi alichotaka daktari. Balungi linakizuia kitu hicho. Wewe unameza kidonge kimoja, lakini mwilini ni kama umemeza vitano, sita, pengine zaidi. Ndiyo sababu unapepesuka. Kizunguzungu, usingizi, kutapika. Umekuwa navyo?"

"Vyote."

"Lakini maji anakunywa mchana," Tabia alisema, akiutazama mdomo wa Yasmin. "Na vidonge?"

"Asubuhi na jioni," Bakiri alisema.

"Haisaidii. Balungi la leo bado linafanya kazi yake kesho." Alifungua boksi lingine la dawa ileile, akatoa karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, akaitandaza. Herufi zilikuwa kama chungu. Aliweka ukucha chini ya mstari mmoja. "Imeandikwa hapa."

"Sikuisoma."

"Hakuna anayeisoma. Mimi ndiye nilipaswa kukuuliza unakula nini na unakunywa nini. Sikukuuliza. Siku ile palikuwa na foleni." Alisema hivyo bila kuinamisha macho. "Sasa usiache vidonge kwa hasira. Acha balungi. Nampigia daktari wako sasa hivi, atasema leo umeze au usubiri. Na ile karatasi ya kazini nitamwomba aiandike."

"Machungwa je?" Bakiri aliuliza.

"Chungwa tamu la kawaida halina neno. Yale makali ya kutengenezea jemu, hapana."

Bakiri alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, lakini hakuondoka kaunta. "Na harufu?" aliuliza.

"Harufu gani?"

Nyuma yao alikuwa ameshafika mteja mwingine, mwanamume aliyebeba nepi. Bakiri alimwona, akaona pia kwamba akinyamaza sasa atanyamaza daima. Akasema. Alisema habari za friza, za vichwa vya kuku vilivyoelea karibu na kidevu chake, za mfuniko kuinuliwa, za mate. Alisema kwamba kinachoifuta harufu ile ni balungi, na asipokunywa itarudi. Hakupamba. Mwenye nepi alijifanya anasoma bei.

Uso wa Tabia ulikunjamana, mkono wake ukaenda mdomoni, na Bakiri alifikiri, basi, amekirihika tena, na mara hii ana haki.

"Alikutemea wapi?" Tabia aliuliza.

"Hapa." Alishika nyuma ya sikio.

Waliporudi, Tabia alitembea sambamba naye. Jioni, baada ya daktari kupiga simu na kusema kidonge cha siku hiyo kirukwe, Tabia alichemsha maji, akayachanganya kwenye beseni, akaliweka sakafuni.

"Inama."

"Nywele hizi nimeshanyoa mara ngapi tangu siku ile."

"Najua. Inama."

Alimwosha kichwa kwa sabuni ya kufulia, kwa nguvu, hasa nyuma ya sikio, hadi ngozi ikawaka. Bakiri alilitazama povu likielea kwenye beseni. Alitaka kushukuru. Lakini vidole vile ndivyo vilivyorudisha shati lake kapuni, na alipozihisi ncha zake kichwani, mwili wake ulisinyaa wenyewe, bila kumwuliza.

"Hukuniuliza hata mara moja," alisema akiwa bado ameinama. "Uliosha kikombe."

Mikono ya Tabia ilisimama.

"Baba yangu alikuwa anakunywa," alisema. "Nilikuwa namuuliza kila siku. Kila siku alinijibu vizuri."

Akaendelea kuosha.

*

Karatasi ya daktari ilikubaliwa. Meneja aliisoma amesimama, akasema sawa, akaitia kwenye faili. Bakiri aliondolewa kwenye mabalungi, akawekwa kwenye mboga.

Hélène alimfuata mezani. Alikuwa ameshasikia, jikoni hakuna siri.

"Kumbe ni dawa," alisema.

"Ndiyo, Mama Hélène."

"Dawa ya nini?"

"Ya wasiwasi. Ya kichwa kutulia."

Hélène alirudi nyuma nusu hatua. Ilikuwa hatua ndogo, hata yeye huenda hakuijua. "Miye nilifikiri pombe," alisema, na baada ya kufikiri kidogo akaongeza, "Afazali ingekuwa pombe. Pombe mutu anaacha."

Akanyoosha mkono, akakichukua kisu kilichokuwa mbele ya Bakiri, akampa kile kidude cha kumenyea karoti, kisichoweza kukata hata mkate. Alikifuta kisu kwenye aproni na kwenda nacho.

Bakiri alimenya karoti. Kizunguzungu kilikuwa kimepungua siku hadi siku, na kadiri kichwa kilivyosafika ndivyo alivyoziona nyuso vizuri zaidi: mwosha vyombo anayeiga mwendo wake akidhani hatazamwi, mpishi anayehamisha chai yake mbali akipita, Luqman, aliyekuja na mfuko wa machungwa na kucheka sana, na kumpiga begani, na kutokaa. Mzee Khatibu alimtumia salamu. Bakiri alizipokea zote, akaona kwamba zinamkirihisha. Harufu ya kuku ilirudi siku ya nne. Ilikuja kwenye meza ya pili, ambapo mapaja mabichi yalikuwa yakikatwa, na ikabaki mdomoni baada ya meza kufutwa. Alitoka nje, akashika ukuta, akahesabu pumzi kama daktari alivyomfundisha. Moyo ulikwenda mbio kidogo, ukatulia. Daktari alikuwa amempa jina la mtu wa kuzungumza naye kila Alhamisi, juu ya friza na hayo mengine. Alikuwa ameshakwenda mara moja. Alikuwa amezungumza robo saa na kunyamaza nusu saa, na yule mtu hakukunja uso.

Ijumaa ya wiki iliyofuata aliomba ruhusa ya saa moja. Hakwenda msikiti wa Bertrams. Mtaa wa nyuma ya ofisi zile, juu ya duka la matairi, palikuwa na chumba walichokodi Waislamu wanaofanya kazi Midrand, madereva wa malori, walinzi, wakata majani wa nyumba za matajiri. Hakuna aliyemjua. Ngazi zilinuka mpira na mafuta. Ndani palikuwa na mikeka iliyochakaa na watu wengi kuliko nafasi.

Alikwenda safu ya mwisho, akasimama pembeni, akaacha pengo kati yake na jirani yake, pengo la kumtosha mtu mmoja. Jirani yake alikuwa Mmalawi wa makamo, nyasi zilizokatwa bado zimemshika suruali. Imamu akasema safu zinyooshwe na nafasi zizibwe. Mmalawi aligeuka, akaliona pengo, akasogea. Bega lake liligusa bega la Bakiri. Kisha akautandaza mguu wake, kama inavyotakiwa, hadi ubavu wa mguu wake ukakutana na mguu wa Bakiri.

Soksi ya Mmalawi ilikuwa imelowa jasho la tangu alfajiri. Dole gumba lilitokeza kwenye tundu, ukucha wake mnene, wa njano, umepasuka katikati. Harufu ilipanda taratibu, kali, ya mtu hai aliyefanya kazi, ikamfikia Bakiri puani.

Imamu alipiga takbiri. Bakiri aliinua mikono yake, akaifunga kifuani, akaacha mguu wake palepale.